Ziwa Kivu: mbao nzuri ishike boti, plastiki ikanyagwe

Wenye boti za mbao kwenye Ziwa Kivu wanalalamika kwamba mbao ni ghali, na wana haki. Lakini kuna swali ambalo wachache wanapenda kulijibu: mbao nzuri ikipatikana, inaenda wapi? Ubao mgumu na mkavu ukikatwa kutengeneza benchi na sakafu, na mbavu za boti zikabaki zimefungwa viraka, hapo tatizo si bei tena. Ni uchaguzi mbaya, na abiria ndiye anayeulipa.

Raia wa Kivu wanajua hatari hiyo. Mwaka 2024 vita vilifunga barabara kati ya Goma na Minova. Wachuuzi, wagonjwa, wanafunzi na familia zilizohama hawakubaki na njia nyingine isipokuwa maji. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Makumi ya watu walikufa. Viongozi walisema ilikuwa imepakia kupita kiasi. Tangu hapo hakuna mwenye haki ya kusema kwamba hali ya boti ni jambo la seremala na tajiri wake tu.

Boti ya mbao ina sehemu za aina mbili. Ya kwanza ni zile zinazobeba uhai: mkuku, yaani ule mti mkubwa wa chini, mataruma, yaani mbavu, na mbao za ubavuni zinazozuia maji. Ya pili ni zile zinazorahisisha safari tu: sakafu ya kukanyaga, benchi, vizuizi vya mizigo, masanduku ya vyombo. Sehemu ya pili ikivunjika, mtu anaumia mguu au gunia linalowa. Sehemu ya kwanza ikivunjika, watu wanazama. Ni kosa kuzipa zote mbao ileile.

Kwa sakafu na benchi, mbao za plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa tena zinafaa. Haziozi. Sakafu ya boti inalala juu ya maji machafu yaliyochanganyika na mafuta ya mota na utelezi wa samaki, na mbao za kawaida hapo hazidumu. Faida nyingine ni kwamba vipande vya sakafu vikiwekwa vya kuinuliwa, mhudumu anaweza kuona kila asubuhi kama maji yanaingia chini. Sakafu iliyopigiliwa misumari pande zote inaficha ugonjwa mpaka siku ya mazishi.

Malighafi si ya kutafutwa mbali. Maji ya Ziwa Kivu hutoka kwa mto Ruzizi, pale Bukavu, na takataka huenda nayo mpaka kwenye bwawa la umeme. Chupa, bidoni na mifuko hukwama pale, mashine huharibika, na umeme hukatika. Nchi ina amri ya Desemba 2017 inayokataza mifuko na vifungashio vya plastiki, lakini ziwa halijui amri hiyo. Bukavu kuna watu wanaogeuza takataka za ziwa kuwa vikapu na vyombo vya nyumbani. Ubao wa benchi hauhitaji akili zaidi ya hiyo, unahitaji mnunuzi. Na kila ubao unaobaki mtini ni afadhali, kwa kuwa misitu ya Virunga na Kahuzi-Biega tayari inaliwa na makala na mbao.

Wanaopinga wana hoja, na zisidharauliwe. Ni kweli plastiki inapinda. Ubao wake ukiwekwa juu ya mihimili iliyo mbali kama ya mbao, utabonyea. Dawa yake ni kusogeza mihimili karibu. Ni kweli pia inatanuka kwa jua: ubao wa mita nne, kutoka baridi ya alfajiri mpaka jua kali la mchana, unaweza kurefuka kwa zaidi ya sentimita moja. Kwa hiyo matundu ya skrubu yawe mapana kidogo na nafasi iachwe mwishoni. Sababu hiyohiyo ndiyo inayoikataza plastiki ubavuni: ubao unaocheza kila siku hufungua pamba na lami, na maji huingia.

Uzito nao si mdogo. Ubao mzima wa plastiki mara nyingi ni mzito kuliko wa mti mwepesi. Chini, sakafuni, uzito huo hauna ubaya mkubwa ukihesabiwa kwenye mzigo. Juu, kwenye paa, unaisaidia boti kupinduka. Paa lisiwe la plastiki nzito hata kama tajiri amepewa bure. Tena plastiki inashika moto, basi isikaribie mota wala jiko, na uso wake ukwaruzwe ili mguu uliolowa usiteleze.

Wengine watataja Flipflopi, jahazi la Lamu, Kenya, lililozinduliwa mwaka 2018 na ambalo lote ni plastiki iliyookotwa, mpaka mkuku. Mfano ni mzuri, lakini usomwe vizuri. Jahazi lile liliongozwa na fundi mkubwa, Ali Skanda, na lilichukua zaidi ya miaka miwili ya majaribio. Seremala wa Kivu anayesikia habari hiyo na kesho yake kubandika plastiki ubavuni mwa boti ya abiria hafuati mfano wowote. Anacheza na watoto wa watu.

Wala plastiki isiyeyushwe kwenye sufuria nyuma ya nyumba, hasa pale familia zilizohama zinapolala zimebanana. Moshi wake ni sumu, na ule wa mabomba ya PVC una asidi. Kazi hiyo iwe ya karakana yenye hewa na watu waliofundishwa, na wanaookota walipwe kwa kilo. Bidoni na vifuniko ndivyo vinavyofaa. Kipande chake huelea majini. Kikizama, kiwekwe kando.

Kwa hiyo wakaguzi wa bandari wanapaswa kuanza na jambo rahisi: boti isipewe ruhusa ya kupakia mpaka sakafu yake iweze kuinuliwa na mataruma yaonekane. Wenye boti wanunue mbao nzuri kwa mifupa ya boti, na plastiki kwa makalio na miguu. Feza itakayobaki inunue jaketi za kuokoa maisha.

Na asitokee mtu wa kupaka boti yake sifa kwa sababu ya benchi mpya. Benchi ya plastiki haipunguzi abiria waliozidi. Boti iliyojaa kupita kiasi itazama na benchi zake nzuri, na zitaelea bila waliokuwa wamezikalia.