Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: Ile riba ya "asilimia moja na nusu tu"

Ndugu Gavana,

Mwalimu anayetoka chuo na kupangiwa kituo hupata vitu viwili karibu kwa pamoja: cheki namba ya utumishi na ofisa mikopo wa benki. Huyu wa pili humfuata hadi shuleni, fomu mkononi, na kauli yake ni ileile: "Kwetu riba ni asilimia moja na nusu tu kwa mwezi."

Tuchukue mkopo wa shilingi 6,000,000 wa miezi 36. Benki ikitoza asilimia 1.5 kwenye deni lililobaki, rejesho ni kama 217,000 kwa mwezi, na riba yote haifiki 1,810,000. Ikiitoza kwenye milioni sita zilezile kila mwezi, hata pale mteja amebakiza laki mbili, rejesho linakuwa karibu 257,000 na riba 3,240,000. Asilimia haijabadilika, lakini mteja wa pili kalipa zaidi ya milioni 1.4 za ziada. Kijana aliyesomea Kiswahili na Historia ataling'amuaje hilo? Wa Hisabati naye husaini tu, maana mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na godoro halijanunuliwa.

Kabla ya benki, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeshamfikia kudai mkopo wa masomo. Kwenye mshahara wa msingi wa 750,000, asilimia 15 ya Bodi ni 112,500. Toa pensheni, bima ya afya na kodi, halafu toa zile 257,000. Anabaki na 260,000 hivi. Theluthi ya mshahara isiyoruhusiwa kuguswa na makato ni 250,000, kwa hiyo hakuna aliyevunja utaratibu. Theluthi iliwekwa imkinge mtumishi. Siku hizi ofisa mikopo anaanza nayo hesabu, ajue amkopeshe hadi wapi.

Mwaka ukipita, simu inaita tena: unaweza kuongezewa. Deni la zamani linafungwa kwa mkopo mpya, ada ya maombi na bima vinakatwa upya, na miezi inarudi 36.

Kanuni zenu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe gharama. Anaelezwa, kwa Kiingereza, ndani ya kurasa ambazo hata aliyezileta hajazimaliza.

Ninachoomba ni karatasi moja ya Kiswahili, ya muundo mmoja kwa benki zote: fedha atakayoingiziwa baada ya makato, rejesho la mwezi, jumla atakayolipa hadi mwisho, na kama riba inashuka deni linaposhuka. Akiwa na mbili za benki tofauti mezani, atachagua mwenyewe. Na aruhusiwe kuondoka nayo kabla ya kusaini. Yapo matawi ambayo ukiomba nakala ukaisome nyumbani, unaambiwa usaini kwanza.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Dodoma