FUNDI WA NYUMBANI: Sauti ya kompyuta ifike chumba cha pili

Wengi wetu hapa Kamwokya tunapanga vyumba viwili. Kompyuta iko huku kwa watoto, redio kubwa iko kule kwa bibi, naye anataka kusikia sauti ambazo jamaa wametutumia kutoka Bukavu. Tufanyeje?

Tununue waya wenye pini ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja, na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande mwingine. Ile ndogo inaingia kwenye tundu la hedifoni la kompyuta. Zile mbili zinaingia nyuma ya redio, palipoandikwa AUX. Palipoandikwa PHONO tusiguse, hapo ni pa santuri, sauti itakwaruza.

Waya huu usifuatane na waya wa umeme, utavuma. Ukivuma bado, tuchomoe chaja ya kompyuta. Mvumo ukiisha, basi ulitoka kwenye umeme.

Na jamani, tusiupitishe kwenye bomba la nyaya za umeme ukutani! Umeme wa Uganda ni volti 240, unaua.

Usiku tupunguze sauti, jirani naye ana watoto. Tukutane mwezi ujao.