Kabla ya bomba jipya, uliza valvu itafungwaje

Kila msimu wa bajeti, viongozi wa kaunti hutuahidi maji kwa lugha moja: kilomita za mabomba mapya. Sawa. Lakini kama unaishi Tuwan pale Kitale ama Kanduyi kule Bungoma, kuna swali lingine la kuuliza: bomba likishalazwa, valvu itafungwa kwa kasi gani?

Usicheke. Maji yanayokimbia kwenye bomba refu yana uzito kama matatu iliyojaa. Ukiyafungia njia ghafla, yanajigonga na wimbi la presha linarudi mbio lilikotoka. Mrusi Nikolai Zhukovsky alipiga hesabu hiyo miaka ya 1890, baada ya majaribio kwenye mabomba ya Moscow.

Chukua mfano. Bomba la plastiki lina urefu wa kilomita 4, maji yanaenda mita 1 kwa sekunde. Wimbi husafiri karibu mita 400 kwa sekunde, kwa hivyo linaenda na kurudi kwa sekunde 20. Funga valvu kabla ya muda huo kuisha, na presha inapanda kama vile umeinua tangi mita 40 zaidi. Ikiwa bomba linahimili mita 100 na mteremko tayari umelibebesha 70, linapasuka.

Na huku kwetu mteremko si haba. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400.

Utasema basi fundi afunge polepole, dakika nzima. Hapo ndipo wengi hunaswa. Valvu ya geti haipunguzi maji sawasawa. Ukiifunga nusu, maji bado yanapita karibu kama kawaida. Kazi kubwa hufanyika mizunguko ya mwisho. Dakika yako imegeuka sekunde chache. Programu ya kompyuta isiyojua tabia hiyo ya valvu itakuambia bomba liko salama, kumbe wapi!

Sasa weka mgao wa maji juu yake: fungua leo, funga kesho. Stima nayo ikipotea, pampu inazima ghafla, presha inashuka, na bomba lenye nyufa linaweza kufyonza uchafu wa nje.

Hii ni pesa yako. Ripoti za WASREB zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayaleti malipo, na uvujaji ni sababu mojawapo.

Dawa si ghali. EPANET ni programu ya bure, ila haipigi hesabu ya wimbi hili. TSNet, nayo ya bure, inapiga. Wewe wa Kibabii au Masinde Muliro mwenye laptopu na muda, hiyo ni kazi inayokungoja.

Nasi wengine tuna vikao vya maoni ya umma. Mradi ukiletwa, usiulize tu kilomita ngapi. Omba uonyeshwe hesabu ya wimbi la presha, na valvu waliyoitumia kuipiga.