Susu Hajui Kusoma, Lakini Maktaba ni Yake Pia

Wasee, mwaka jana nilipoteza simu kwa matatu nikitoka Mwingi. Simu yenyewe sikuilia sana. Nililia klipu moja ya dakika arobaini: susu yangu, yaani nyanya kwa Kikamba, amekaa chini ya mti na kiondo mapajani, ananitajia jina la kila mchoro na nani alimfunza. Sikuwa nimeihifadhi mahali pengine. Niliporudi kumrekodi tena, majina mawili yalikuwa yamemtoka. Aliuangalia ule mstari mwekundu, akacheka kidogo, akasema, "Huu nao umenipotea."

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia utamaduni wetu uko salama kwa TikTok, namwangalia tu.

Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu maktaba. Usiondoke bado.

Kwetu maktaba ni ya watu wa mtihani. Unaingia na vitabu vyako, unatafuta kiti karibu na soketi, unasoma, unatoka. Nilipomwambia susu twende ile ya Mwingi, aliniuliza, "Nikafanye nini huko, na sijui kusoma?"

Sasa cheki London. British Library ilikuwa na maonyesho ya wanawake wa Ulaya wa zama za kati, kuanzia Oktoba 2024 hadi Machi 2025, baridi yote. Kati ya vitu vilivyowekwa ni kitabu cha Margery Kempe, Mwingereza aliyeishi kama miaka 600 iliyopita. Huyo mama hakukiandika kwa mkono wake. Alisimulia, wengine wakaandika. Nakala nzima iliyobaki ni moja tu, na ilitambuliwa mwaka 1934 baada ya kukaa kabatini kwa nyumba ya watu. Juzi watu wamelipa kiingilio kuiona.

Niambie, huyo mama na susu yangu wanatofautiana wapi? Mmoja alipata mtu wa kuandika na nyumba ya kuhifadhi. Mwingine alipata mimi na simu ya kupotea.

Na baridi hata sisi tunayo. Watu hudhani Ukambani ni jua tu, lakini Julai na Agosti asubuhi ni sweta na ukungu. Agosti shule zimefungwa, mavuno yameisha, mvua bado iko mbali. Huo ndio msimu wetu wa maonyesho.

Hatuhitaji jumba jipya. Kuna maktaba Mwingi upande wa Kitui, na Kinyambu upande wa Makueni. Weka meza tatu. Moja ya viondo, vya nyuzi za mbuyu na vya mkonge, kila kimoja na karatasi inayosema nani alikisuka. Nyingine ya picha za zamani zilizolala kwa masanduku ya wazazi wetu. Ya tatu ya Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, Krapf akiwa Kitui, aliuona mlima wenye theluji kwa mbali. Jina alilolisikia kwa Wakamba akaliandika, na hadi leo nchi yetu inaitwa hivyo. Wangapi kati yetu tumesoma Kitui miaka kumi na mbili na hatujawahi kuambiwa hiyo stori?

Najua mtaniuliza: kaunti haina maji ya kutosha, wewe unaongea maonyesho? Ni haki kuuliza. Mimi pia nimeswaga punda na mitungi. Lakini soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni ni kazi ya kaunti, kwa orodha moja na kamari na leseni za pombe. Baa zinapewa leseni kila mwaka na hakuna anayesema zingoje maji kwanza.

Ama tungoje wageni watufanyie? Mradi wa International Inventories Programme ulikusanya orodha ya zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo kwa makumbusho ya nje. Maonyesho yake yakawa Nairobi mwaka 2021, kisha Cologne na Frankfurt. Kazi nzuri kabisa. Lakini mtoto wa Mutomo au Kibwezi hana nauli ya kufika hata Nairobi.

Mtu atasema nirekodi tu tena, safari hii niweke nakala mbili. Nitafanya hivyo. Lakini klipu haiwezi kunirudishia jina ambalo susu amelisahau. Meza iliyo wazi kwa watu inaweza. Mama mwingine atapita, atakiona kile kiondo, aseme, "Huu mstari sisi tuliuita hivi," na kijana aliyesimama hapo na kalamu aandike.

Kwa hivyo wiki ijayo naenda kwa mkutubi kuomba meza moja, Jumamosi moja ya Agosti. Wewe wa Wote, wa Kibwezi, wa Mutomo, uliza maktaba au ukumbi ulio karibu nawe. Wakikataa, niandikie, tujue tunaanzia wapi.

Susu amekubali kuja. Amesema ataleta kiondo chenyewe, mradi chai iwe na maziwa.