Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo: Je, Mpangaji Hulipa Alichotumia?



Katika nyumba nyingi za kupanga mijini, ugomvi mkubwa wa mwisho wa mwezi si wa kodi ya chumba, bali ni wa umeme. Fedha iliyotosha siku 30 sasa haifikishi hata siku 15. Mara moja hutafutwa mkosaji: mama anayegandisha barafu za kuuza, kijana anayelala na redio ikiwaka, mgeni aliyehamia juzi na pasi yake. Wengine husema mita inakimbia. Mwenye nyumba, ambaye anakaa mtaa mwingine, hujibu kwa neno moja tu: asiyeweza ahame.

Yatupasa kusema wazi. Kumhukumu jirani kabla ya kupima ni dhuluma, na kumtisha anayeuliza hesabu ni dhuluma kubwa zaidi. Umeme haupotei kwa miujiza. Ni kitu kinachopimika, na kinachopimika hakihitaji matusi wala ramli.

Uniti 1 ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa 1. Kwa kipimo hicho kila mtu aweza kujua ukweli. Redio ya wati 10 ikiwaka saa 8 kila usiku kwa siku 30 haifikii uniti 3. Hita ya kuchemshia maji ya wati 1,500, ikitumiwa nusu saa tu kila siku, humaliza zaidi ya uniti 22 kwa muda huo huo. Nani basi aliyetukanwa bure, na nani aliyenyamaza? Globu ya zamani ya wati 100 humaliza uniti 1 kwa saa 10, hali taa ya kisasa ya wati 9 huwaka zaidi ya saa 100 kabla ya kuimaliza. Friji ambayo mpira wa mlango wake umechoka hufanya kazi mchana na usiku, nayo hula umeme bila kelele.

Iko pia njia rahisi ya kuichunguza nyumba yenyewe. Wapangaji wote wakubaliane saa moja, wazime taa na kuchomoa kila kifaa, kisha watazame taa ndogo ya mita. Ikiendelea kumeta, umeme unakwenda mahali. Huenda nyaya zimechakaa na umeme unavuja, jambo ambalo ni hatari kwa uhai kabla ya kuwa hasara ya fedha. Au huenda kuna waya uliopitishwa kwenda kwenye duka au banda la jirani. Hapo aitwe fundi mwenye leseni, wala si kishoka.

Lakini tusidanganyane. Nyumba yaweza kukaguliwa yote, pasionekane mwizi wala waya mbovu, na bado umeme ukawa ghali. Sababu yaweza kuwa katika jinsi mita moja inavyobebeshwa familia nyingi.

Tuitazame bei ambayo EWURA iliitangaza mwaka 2016. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mteja wa matumizi ya kawaida aliwekewa shilingi 292. Nia ilikuwa njema: kumlinda mnyonge. Sasa tuchukue mfano wa familia 6 katika nyumba moja, kila moja ikitumia uniti 20 kwa mwezi. Kila familia ingekuwa na mita yake katika kundi la chini, ingelipa shilingi 2,000. Kwa kuwa zote zinatumia mita moja, jumla ni uniti 120, na mita hiyo huhesabiwa kama ya mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Ikiwa katika kundi la shilingi 292, kila familia hulipa shilingi 5,840, karibu mara tatu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyefuja. Mita huhesabu umeme. Haijui kuwa nyuma yake kuna vyungu sita.

Juu ya hayo, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na mara nyingi makato huangukia siku ya yule aliyetangulia kununua. Basi asiye na tofali hata moja humlipia kodi mwenye nyumba, na anapodai arudishiwe huambiwa ana mdomo.

Wako wanaotetea hali hii. Husema: mwenye nyumba alitumia fedha zake kuvuta umeme. Ni kweli, na kwa ajili hiyo anapokea kodi ya chumba. Haimpi haki ya kumuuzia mpangaji uniti kwa bei anayoitaka mwenyewe kupitia mita ndogo aliyoifunga. Husema tena: mpangaji aliyakubali masharti alipohamia. Je, mtu mwenye watoto barabarani, aliyekwisha kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, alikuwa na uhuru gani wa kukataa?

Tufanye nini, basi? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nyumba iwe na daftari la umeme, na kila ununuzi uandikwe: tarehe, fedha, uniti zilizopatikana na makato yaliyofanyika. Kodi ya jengo ipunguzwe katika kodi ya chumba. Penye mita ndogo, uniti itozwe kwa bei ile ile iliyonunuliwa. Mwenye nyumba mwenye uwezo aombe mita kwa kila familia. Malalamiko yasiyosikilizwa yapelekwe kwa maandishi, daftari likiwa ushahidi, kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Na wapangao bei waulizwe bila woga: unafuu uliokusudiwa maskini wahesabiwa kwa mita au kwa familia?

Viongozi wa walei, miongoni mwenu wamo wenye nyumba. Anzeni na nyumba zenu. Haifai kuzungumzia haki katika jumuiya siku ya Jumamosi, na Jumatatu kumfukuza mpangaji kwa sababu aliomba kuona risiti.

LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Hatudai zaidi ya maneno hayo manne.