Baada ya Kimbunga, Mtoto Asome Wapi?

Aprili 2019 wakazi wa Magomeni, Mtwara, walitahadharishwa juu ya Kimbunga Kenneth. Tarehe 25 kikapiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikabomoa nyumba na shule, Mtwara ikanusurika. Maandalizi hayapaswi kungoja bahati ya pili. Katika nchi maskini madarasa hugeuzwa makazi ya waathirika, nao wanahitaji hifadhi, ni kweli, lakini masomo huahirishwa bila tarehe. Hilo ni kosa hata kitabibu. Mtoto aliyeingiwa na hofu hutulizwa na ratiba, mwalimu na wenzake. Dawa za kichocho na minyoo nazo humfikia shuleni. Ubao chini ya mkorosho watosha kuanzia. Mhudumu wa afya akishauliza kuhusu homa na kuhara, aulize pia mtoto anasoma wapi, kisha amjulishe mwalimu.