Muuguzi wa kijijini asiwe wa kujaza vitabu tu

Makamanda, nenda zahanati ya kijijini utakuta vitabu vya MTUHA. Muuguzi anajaza: nani kaugua malaria, nani kajifungua. Mwisho wa mwezi anajumlisha, takwimu zinapanda wilayani, basi. Nani kamfundisha kuzichambua, ajiulize mbona wajawazito wamepungua kliniki?

Na inawezekana jamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa TEHIP uliziwezesha timu za afya za Rufiji na Morogoro Vijijini kupanga bajeti kwa kufuata magonjwa yanayowaua watu wao kweli. Vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Wala hawakumwagiwa mabilioni.

Ila kuna woga. Mwaka 2018 Bunge lilifanya kosa la jinai kutoa takwimu zenye lengo la kupinga zile rasmi, 2019 likarekebisha. Sheria inafutwa kwa siku moja, woga hapana. Na sisi tunaosoma sheria tunajua Ibara ya 18 ya Katiba inampa hata muuguzi haki ya kutafuta na kutoa habari.

Kwa hiyo ilani yetu iseme wazi: mafunzo ya utafiti yapewe fungu kwenye bajeti ya kila halmashauri, na muuguzi atakayeonyesha kwa takwimu kwamba dawa hazifiki asihamishwe.